Sahani za Picha Safi: Chombo Gani Kitaifaa Nyumba Yako kwa Fedha Kidogo?

Hapana haja ya kueleza mno jinsi sahani za picha zilivyoenea majumbani mwetu. Tangu Kyela mjini hata Ipinda, na tangu bandari ya Itungi hata ufuko wa Matema, ni nyumba nyingi ambazo kabatini mwake mna rundo la sahani: kasida, mawaidha, filamu za Dar es Salaam, na zilizo na thamani kupita hizo zote, arusi za watu wa nyumbani na sauti za wazee ambao wengine wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Lakini siku hizi hutokea jambo ambalo zamani halikuwapo. Jamaa aliyeko Maskati, au Dubai, au Uingereza, hutuma sahani yenye arusi ya binti yake au picha za safari yake ya Hija. Watu wa nyumba hukusanyika, sahani ikatiwa ndani ya deki, na deki ikaikataa. Huizungusha kidogo, ikanguruma, kisha kiooni yakatokea maandishi ya kuwa ndani hamna sahani. Mama husema sahani imeharibika njiani. Kijana husema deki imezeeka. Fundi huitwa, akasafisha lenzi, akapewa ujira wake, na sahani ikakataa vile vile.

Yamkini sahani ni nzima na deki ni nzima, ila kila kimoja ni cha namna yake. Mwenye nyumba asiyeijua sababu hii hupoteza fedha mara mbili: kwanza kwa fundi, kisha dukani, ambako huuziwa deki mpya ya namna ile ile iliyomkatalia. Na fedha za kakao na mpunga, kama tujuavyo, hazipatikani kila mwezi. Basi tumeona yafaa tuieleze habari hii kwa urefu kidogo.

Sahani hizi zote, tangu CD iliyotoka mwaka 1982 mpaka za leo, umbo lake ni moja: upana wa sentimita 12 na tundu katikati. Kwa hiyo jicho haliwezi kuzitofautisha kwa urahisi. Tofauti yake iko katika alama ndogo mno zilizotiwa ndani yake, na katika mwali wa nuru unaozisoma, huo uitwao leza. Mwali wa kusoma CD una wimbi la urefu wa nanomita 780, na nanomita moja ni sehemu moja katika sehemu milioni elfu za mita. Wa DVD ni nanomita 650, nao ni mwekundu. Wa Blu-ray ni nanomita 405 tu, nao rangi yake ni baina ya buluu na zambarau, na hiyo ndiyo asili ya jina lake. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo ncha ya mwali inavyokuwa nyembamba, na ndivyo maandishi mengi yanavyoenea mahali pale pale. Mfano wake ni ubao wa chuoni. Mtoto mwenye kalamu nene atapata mistari saba. Mwenziwe aliyeichonga kalamu yake vizuri atapata mistari ishirini, na ubao ni ule ule mmoja.

Sahani ya DVD ya tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7, na ya Blu-ray ya tabaka moja huchukua 25, na ya tabaka mbili 50. Nafasi hiyo ndiyo iletayo picha safi, ile iitwayo HD. Picha ya VCD ina nukta 352 kwa 288, yaani kama laki 1. Ya DVD ina nukta 720 kwa 576, kama laki 4. Ya Blu-ray ina nukta 1,920 kwa 1,080, nazo zapita milioni 2. Ndiyo maana katika sahani ya arusi ya Maskati waweza kuuona uzi wa kofia, na katika VCD ya zamani kofia yenyewe huonekana kama kichuguu.

Sasa, deki ya Blu-ray imetiwa mwali wa buluu na ule mwekundu pia, na kwa sababu hiyo husoma sahani zake na za DVD. Deki ya DVD haina mwali wa buluu. Haina, wala fundi hawezi kuuongeza kwa kusafisha lenzi wala kwa kubadili programu. Mtu akikwambia atakugeuzia deki yako ya DVD isome Blu-ray, mshukuru kwa maneno mazuri, urudi nyumbani na deki yako.

Iko namna nyingine iliyo ngumu zaidi kutambulika, nayo imewahangaisha wengi. Mwaka 2006 Sony na Panasonic walitoa taratibu ya kurekodi iitwayo AVCHD, ambayo huandika picha safi juu ya sahani tupu ya DVD ya kawaida. Ukiitazama sahani hiyo utasoma neno DVD juu yake, wala si uongo, kwani sahani yenyewe ni DVD. Lakini kilichoandikwa ndani hakifahamiki kwa deki ya DVD. Deki nyingi za Blu-ray huicheza, na PlayStation 3 huicheza pia. Basi sahani ya ng'ambo ikikataa katika deki ya nyumbani, usiitupe wala usiisugue kwa dawa ya meno, kama wafanyavyo baadhi ya watu. Itafutie kwanza chombo kinachoweza kuisoma.

Na kinyume chake pia kiko. Katika masoko huuzwa sahani za magendo zilizoandikwa Blu-ray kwa herufi kubwa, nazo ndani yake ni DVD iliyojazwa filamu kumi au ishirini zilizokamuliwa. Kuijua si taabu: ikicheza katika deki ya DVD, basi si Blu-ray, hata ikiwa karatasi yake yang'aa namna gani. Juu ya hayo, kazi hizo kwa kawaida zimechukuliwa bila ya idhini ya wenyewe, na Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Mtu aliyetoa jasho lake ana haki ya ujira wake, awe mvuvi wa Mwaya au mtunzi wa filamu.

Kabla ya kufungua mkoba, itazame televisheni yako. Hapa ndipo wengi wasipopatazama. Ikiwa ni ya chogo, haina uwezo wa kuonyesha zaidi ya kile kinachotolewa na DVD, na ukiifungia Blu-ray utakuwa umenunua mtumbwi mkubwa wa kuvukia kijito. Ikiwa ni bapa ya inchi 32, yafaa kujua kwamba nyingi za kipimo hicho zina nukta 1,366 kwa 768 tu, ijapokuwa zimeandikwa HD. Tofauti utaiona, lakini si kubwa kwa mtu aliyekaa ukutani upande wa pili wa sebule. Faida kamili hupatikana kwa televisheni ya inchi 40 na zaidi, yenye nukta 1,920 kwa 1,080 au kupita hapo. Nasi twasema wazi kwamba nyumba isiyo na televisheni ya namna hiyo, wala haina sahani yoyote ya Blu-ray au ya AVCHD, haina haja ya kununua chombo kipya. Deki yake ya DVD yatosha. Wauza maduka watasema kuwa deki ya Blu-ray huisafisha hata DVD. Ni kweli kwamba huikuza picha ikajaza kioo, lakini haiongezi kitu ambacho hakikuwamo.

Ama mwenye haja ya kweli, njia zake zilizo nafuu ni mbili.

Ya kwanza ni deki ya Blu-ray yenyewe, mpya au ya mtumba. Uzuri wake ni kuwa hula umeme kidogo, kiasi cha wati 20 au pungufu, na mtu mzima asiyezoea mitambo huweza kuitumia kwa rimoti pasipo kumwita mjukuu. Kasoro yake ni uhaba. Samsung waliacha kuzitengeneza mwaka 2019, na LG wakafuata mwaka 2024. Kwa hiyo katika Kyela huenda usiikute kabisa, na hata Mwanjelwa kule Mbeya au Kariakoo itakulazimu kuulizia duka kwa duka. Anayekuja likizo kutoka Dubai au Maskati aweza kuibeba katika sanduku lake, nayo mara nyingi ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Ya pili ni chombo cha michezo, yaani PlayStation. Jambo hili huwashangaza wazee, lakini lina historia yake. Deki ya kwanza ya Blu-ray ya Samsung ilipotoka Marekani mwaka 2006, bei yake ilikuwa dola 999. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Sony wakatoa PlayStation 3 iliyosoma sahani zile zile, na ya bei ya chini ikauzwa kwa dola 499. Watu wengi wakainunua wasicheze hata mchezo mmoja. Wapinzani wao, Toshiba, walikuwa na sahani yao iitwayo HD DVD, nao wakasalimu amri mwezi wa Februari 2008. Ukikuta deki kuukuu yenye jina hilo la HD DVD inauzwa kwa bei ya kutupa, iache ilipo, kwa kuwa haisomi Blu-ray.

Leo PlayStation 3 za mtumba ni nyingi, nazo zina jambo moja linalozifaa nyumba zetu: zina tundu la waya zile tatu za rangi nyekundu, nyeupe na njano, na hivyo huweza kufungwa hata katika televisheni ya zamani, wakati PlayStation 4 ina HDMI peke yake. Kasoro zake ni umeme na lenzi. Zile nene za mwanzo hufika karibu wati 200 zikifanya kazi nzito, na mwenye kutegemea betri na sola atajuta. Zile nyembamba zilizofuata ni afadhali sana. PlayStation 4 ya mwaka 2013 nayo husoma Blu-ray, lakini yataka iungwe na intaneti mara moja kwanza ndipo ikubali kucheza sahani za filamu, na simu ya mkononi yatosha kwa kazi hiyo. PlayStation 2 haisomi Blu-ray, wala Xbox 360, hata muuzaji akiapa. Xbox One husoma. Na PlayStation 5 ziko za namna mbili, na ile isiyo na mlango wa sahani haina faida kwa habari yetu hii.

Liko pia neno la kuwaambia wenye VCD nyingi, na sisi sote tunazo. PlayStation 4 na 5 hazisomi kabisa sahani za jamii ya CD, na VCD ni katika jamii hiyo. PlayStation 3 husoma CD za sauti, lakini si ya kutegemewa kwa VCD. Kwa hiyo usiitoe deki yako ya zamani kwa sababu umepata chombo kipya. Na vijana, ambao ghafla wamekuwa na hamu kubwa ya kuwasikilizisha baba zao mawaidha kwa picha safi, wasidhani kuwa wazazi hawajui PlayStation hufanya kazi gani nyingine.

Katika kununua cha mtumba, kosa linalorudiwa kila siku ni kukubali kujaribiwa chombo kwa mchezo. PlayStation 3 nyingi zilizoko masokoni zimechezewa programu yake, na michezo imo ndani ya diski ngumu. Muuzaji huiwasha, mpira ukachezwa kiooni, mnunuzi akaridhika, wala lenzi haikuguswa kamwe. Huenda mwali wa buluu umekwisha kufa zamani. Nenda na sahani yako mwenyewe ya Blu-ray na ya DVD pia, maana kila moja ina mwali wake, na mmoja huweza kufa mwingine ukabaki. Ziache zicheze dakika 20 hivi, kisha ruka mpaka mwisho wa filamu, kwa sababu lenzi dhaifu huanza vizuri ikachoka mbele. Ikiwa deki ni ya zamani na sahani ni mpya, huenda ikakataa mpaka programu yake ifanywe mpya. Kampuni hutoa programu hizo bure, nazo hupakuliwa kwa kompyuta zikatiwa kwa flashi. Wala usikope mikopo ya kausha damu kwa ajili ya kitu cha namna hii. Deki inaweza kungoja mavuno, riba haingoji.

Tazama pia nyuma ya chombo, penye maandishi ya umeme. Umeme wetu ni volti 230. Palipoandikwa 100 hadi 240 hapana hofu. Palipoandikwa 120 peke yake, au 100 peke yake, ni cha Marekani au Japani, na ukikichomeka katika soketi yetu utasikia mlio mmoja na harufu.

Kisha kuna mipaka ya nchi. Wenye filamu wameigawa dunia, na sahani ya dukani hukataa deki ya sehemu isiyo yake. Kwa Blu-ray sisi tuko sehemu B, pamoja na Omani, nchi za Ghuba na Uingereza. Marekani na Kanada ni A, na Bara Hindi ni C. Kwa DVD mgawanyo ni mwingine: sisi na Bara Hindi ni namba 5, Omani na Uingereza ni 2, Marekani ni 1. Hivyo deki iliyotoka Dubai itakubali Blu-ray za huku na huko bila tabu, lakini yaweza kukataa DVD halisi ya Kihindi, ila ikiwa ni ya sehemu zote. Sahani alizorekodi mtu mwenyewe, kama arusi na mawaidha, hazina mpaka wowote.

Watu wa Kyela wana neno lao peke yao, nalo ni hewa. Kyela iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Mtu hununua deki yake Mbeya kwenye baridi, akapanda basi, akapita Uyole na Tukuyu, akashuka Kyela penye joto la unyevu la ziwa, na kwa furaha yake akaiwasha papo hapo. Hewa ya joto inapokuta chuma baridi hutoa umande, na umande huo hushika juu ya lenzi. Iache ndani ya boksi saa mbili au tatu kwanza. Katika miezi ya mvua kubwa, Machi hadi Mei, chomoa waya radi zinapoanza. Na vile vijidudu vya ziwani vipandavyo kama moshi hufuata taa za nyumba na kuingia katika matundu ya kupozea. Deki ifunikwe kwa kitambaa ikiwa imezimwa, isifunikwe inapofanya kazi.

Sahani zenyewe nazo hudhurika. DVD za kurekodi huandikwa juu ya rangi ambayo jua na unyevu huifisha, na siku moja sahani iliyocheza mwaka juzi haisomeki tena. Blu-ray ina ngozi ngumu dhidi ya mikwaruzo, lakini maandishi yake yako sehemu ya kumi ya milimita tu chini ya uso, na mkwaruzo wa kweli huyafikia upesi. Zisimamishwe ndani ya majalada yake, mbali na dirisha na ukuta unaotoka jasho.

Hata hivyo jalada halitoshi. Mwezi wa Februari 2025 Sony waliacha kutengeneza sahani tupu za Blu-ray za kurekodia, na tumekwisha kutaja waliofunga viwanda vya deki. Mwenye sauti ya marehemu baba yake katika sahani moja asingoje mpaka chombo cha kuisomea kitafutwe kama sindano mchangani. Hapa ndipo kompyuta inapofaa. Kwa filamu za dukani kompyuta ni njia ya taabu, maana kununua kisomea sahani cha Blu-ray hakutoshi. Yatakiwa programu ya kulipiwa, kwa kuwa filamu hizo zimefungwa kwa ufunguo. Lakini sahani ya arusi au ya mawaidha, iliyorekodiwa nyumbani, haikufungwa. Fundi mwenye kisomea sahani huweza kukuhamishia vyote vilivyomo, na programu ya bure kama VLC ikavicheza. Weka nakala moja katika flashi, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu kwa ndugu aliye mji mwingine. Flashi hiyo huchomekwa nyuma ya televisheni nyingi za siku hizi, na picha safi ikaonekana pasipo deki yoyote. Lakini ijaribu kwanza, kwani ziko televisheni zisizofahamu kila namna ya faili.

Na anayetazamia arusi mwaka huu asiridhike na DVD apewayo na mpiga picha. Kamera za leo hurekodi picha safi, kisha mpiga picha huikamua mpaka ienee katika gigabaiti 4.7, na ile nzuri ikabaki kwake. Mpelekee flashi ya gigabaiti 64 na umtake akutilie faili zenyewe, kama zilivyotoka katika kazi yake ya mwisho, pamoja na hiyo DVD ya kuwaonyesha majirani. Mwambie hayo siku ya kutoa kianzio, si baada ya walima, maana wengi wao hufuta za arusi hii ili wapate nafasi ya arusi ijayo.